SAUTI YA KUAZIMA HAITOSHI



Wako wenzetu wa karakana na wa stesheni waliouliza kwa nini jarida la chama lipoteze wino kwa habari za redio za Marekani na Uingereza, hali mishahara, nyumba na pensheni zina mambo mengi ya kusemwa. Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu kwa haki. Mfanyakazi asiyepata habari hawezi kudai haki yake, na habari haisafiri bure, kama vile injini haiendi bila mafuta. Yuko anayelipa. Yafaa tujue ni nani, analipa kwa sababu gani, na siku atakapokataa kulipa sisi tutabaki wapi.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 14 Machi 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kulipunguza, mpaka pale sheria inaporuhusu, shirika la serikali linalozitunza redio zinazotangaza nchi za nje. Kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 wa Sauti ya Amerika, yaani karibu wote, waliambiwa wakae nyumbani. Redio iliyoanza Februari 1942, wakati wa vita kuu, ikanyamaza kwa mara ya kwanza katika miaka 83. Matangazo yake ya Kiswahili, yaliyoanza mwaka 1962, yakakatika pamoja na mengine.

Habari hiyo ilipofika kwetu tuligawanyika. Wengine walishangilia wakasema sauti ya mabeberu imekufa, na heri ife. Wengine walihuzunika kama waliofiwa, wakauliza sasa nani atatuambia ukweli. Sisi twasema kila upande umeshika nusu ya jambo, na nusu ya jambo ni hatari kama nusu ya daraja.

FEDHA HII NI YA NINI?

Tuanze na fedha. Katika mwaka wa 2024 Bunge la Marekani lilitoa zaidi ya dola milioni 800 kwa redio hizi zote pamoja: Sauti ya Amerika, Radio Free Europe, Radio Free Asia na nyingine. Ndani ya hesabu hiyo, dola zipatazo milioni 40 zilikwenda kwa Open Technology Fund, mfuko ulioanza mwaka 2012 kwa kazi ya kuwasaidia watu ambao serikali zao zinawafungia intaneti. Uingereza nayo hulipia sehemu ya matangazo ya BBC ya nchi za nje kutoka hazina ya serikali, na sehemu nyingine hutoka katika ada ambayo Mwingereza hulipa kwa televisheni yake. Mabwana wa serikali hizo husema fedha hizi ni msaada wa kukuza demokrasia.

Tusidanganyike kwamba walitupenda ghafla. Tazameni miaka. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, ikiwatukana wakoloni kila jioni, wakati sisi Kenya tulikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari. London ikaanza Kiswahili tarehe 27 Juni 1957. Peking ikafuata mwaka 1961, Washington 1962, na Wajerumani wa Deutsche Welle 1963. Katika muda wa miaka tisa mataifa makubwa yote yaligundua kwamba Kiswahili ni lugha tamu sana! Kila mmoja alitaka sikio la Mwafrika kabla mwenzake hajalipata.

Lakini tena tusiwe wajinga wa upande wa pili. Mtu aweza kuchimba kisima kwa faida yake mwenyewe, na jirani akanywa maji safi. Baba zetu walikuwa wakisikiliza Cairo, kisha London, wakalinganisha. Aliyesikia sauti mbili zinazobishana alijua zaidi kuliko aliyesikia sauti moja tu ya serikali ya kikoloni. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 inaitaka Sauti ya Amerika itoe habari za kweli na zenye usawa, hata kama hazimpendezi aliye madarakani. Sheria hiyo haikuwa mapambo. Bila sheria ya namna hiyo redio ya serikali ni tarumbeta tu.

WENZETU WA RELI WA POLAND

Anayesema redio za nje hazijapata kumfaa mfanyakazi na asikilize habari za Poland.

Tarehe 1 Julai 1980 serikali ya Poland, iliyojiita serikali ya wafanyakazi, ilipandisha bei ya nyama. Migomo ikaanza. Katika mji wa Lublin kiwanda kimoja baada ya kingine kililala, na tarehe 16 Julai wenzetu wa reli, watu wa banda la injini, wakaweka vifaa chini, magari ya moshi yakasimama. Magazeti ya serikali hayakuthubutu kuandika neno mgomo. Yaliandika kwamba kazi imesimama kidogo, kana kwamba watu walikuwa wakinywa chai.

Mwezi uliofuata wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Gdańsk wakagoma. Serikali ikakata simu kati ya mji huo na sehemu nyingine za nchi, ikidhani moto usiopata upepo hufa wenyewe. Lakini wako watu waliobeba habari mpaka Warsaw, na toka huko zikafika Radio Free Europe mjini Munich na BBC mjini London. Usiku huohuo zilirudi Poland kwa mawimbi mafupi, kwa lugha ya Kipolandi, zikaingia jikoni mwa kila mtu. Mfanyakazi wa kusini akajua kwamba wa kaskazini hayuko peke yake. Tarehe 31 Agosti 1980 serikali ilitia sahihi mapatano. Kati ya madai 21 ya wafanyakazi, la kwanza lilikuwa chama huru cha wafanyakazi, na la tatu lilikuwa uhuru wa kusema na kuchapisha. Liangalieni dai hilo la tatu. Lilikuja kabla ya nyama na kabla ya mshahara, maana walijua kwamba asiye na sauti hata nyama akipewa atanyang'anywa.

Desemba 1981 serikali ilitangaza sheria ya kijeshi, simu za nchi nzima zikakatwa, na baadaye chama kile, Solidarność, kikapigwa marufuku. Vyama vya wafanyakazi vya nje viliendelea kuleta fedha na mashine za kuchapia kwa siri. Shirika kuu la vyama vya Marekani, AFL-CIO, lilikuwa limefungua mfuko wa Wapolandi tangu 1980. Baadaye, baada ya mwaka 1983, fedha za serikali ya Marekani nazo zilipita katika mfuko uitwao National Endowment for Democracy. Mwaka 1989 chama kilichopigwa marufuku kilishinda uchaguzi.

Lakini msisahau kitu kimoja. Tangu mwaka 1977 Poland ilikuwa na gazeti la siri lililoitwa Robotnik, maana yake Mfanyakazi, lililochapwa kwa mashine duni na kupitishwa mkono kwa mkono. Redio ya Munich ilikuwa behewa. Mzigo ulipakiwa na wafanyakazi wenyewe. Kama wasingekuwa na kitu cha kusema na watu wa kukibeba, behewa lingepita tupu.

UBAYA WAKE NAO TUUSEME

Radio Free Europe hiyohiyo ilianza mwaka 1950, na kwa miaka zaidi ya 20 ililipiwa kwa siri na CIA, wakati Wamarekani waliambiwa ni michango ya raia. Siri ilipofichuka, maadui wake walipata fimbo ya kuipigia hata iliposema kweli. Tena mwaka 1956, Wahungaria walipoasi, baadhi ya vipindi vyake viliwafanya wengi waamini kwamba msaada ulikuwa njiani. Haukuja. Vifaru vya Warusi viliingia Budapest, maelfu wakafa. Sauti kutoka mbali ni rahisi kuwa na ushujaa, kwa maana risasi haziifikii.

Sisi wa Kenya tuna somo letu. Baada ya uhuru vyama vya wafanyakazi vilipasuka pande mbili, hawa wakiwa na rafiki wa Magharibi, hawa wakiupinga urafiki huo na kutazama kwingine, na ndugu wa kazi moja wakatazamana kama maadui. Mwaka 1965 serikali ilivifuta vyama vikuu vyote viwili, na COTU ikaundwa. Tuliingia katika ugomvi huo kwa fedha za watu, tukatoka humo tumepoteza sehemu ya uhuru wetu wenyewe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Sisi tuliofundishwa katika shule za misheni twakumbuka jinsi Isaka mzee, aliyepofuka, alivyosikia sauti ya mtoto mmoja akapapasa mikono, akadhani ni ya mwingine. Alisikia vema, lakini aliacha kufuata sikio lake. Sisi tusikilize sauti, na mikono tuipapase. Lakini tusidanganywe na ngozi ya mbuzi.

KUFULI NA RELI

Siku hizi mdomo wa mtu hauzibwi kwa kukoroga mawimbi ya redio tu. Huzibwa kwa simu iliyo mfukoni mwake. Tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipofika Bungeni kuupinga Muswada wa Fedha, intaneti ya Kenya ilidhoofika ghafla, ingawa siku moja tu kabla yake Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina nia ya kuifunga. Ilisemwa ni nyaya za chini ya bahari. Tarehe 25 Juni 2025 mamlaka hiyo iliamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mitambo ya baadhi ya televisheni ikazimwa mpaka Mahakama Kuu ikaingilia. Uganda ilizima intaneti yote Januari 2021, mkesha wa uchaguzi. Tanzania iliikata siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, kwa siku zipatazo tano.

Katika siku kama hizo mfanyakazi hapotezi maongezi tu. Hajui kama zamu ipo, kama barabara ni salama, kama mwenzake aliyekamatwa yuko kituo gani. Wajumbe wa tawi hawawezi kuitana. Anayetaka kuvunja umoja wa wafanyakazi hahitaji askari wengi kama anaweza kuwanyima habari kwa saa 48.

Hapa ndipo ule mfuko wa intaneti unatuhusu, hata kama hatujapata kulisikia jina lake. Ujumbe wa WhatsApp tunaopelekeana kuhusu zamu na mikutano hufungwa kwa kufuli iliyotengenezwa na watu wa Signal. Watu hao, kati ya mwaka 2013 na 2016, walipata karibu dola milioni 3 kutoka Open Technology Fund. Mtandao wa Tor, unaomficha mtu asijulikane anasoma nini, ulianzia katika maabara ya jeshi la majini la Marekani. Ni ajabu, lakini ndivyo ilivyo: fedha za dola kubwa zimesaidia kufunga mlango ambao hata dola yenyewe hupata shida kuufungua. Na kwa kuwa mipango ya kufuli hizo imewekwa wazi, fundi yeyote duniani aweza kuisoma, kuikagua na kuitengeneza. Huo ni msaada tofauti na redio. Redio ikikosa fedha hunyamaza siku hiyohiyo. Kufuli iliyokwisha kutengenezwa hubaki mlangoni, ijapokuwa nayo huhitaji fundi wa kuitunza isipate kutu.

Tuelewane pia juu ya mipaka yake. Sisi watu wa reli twafahamu vizuri. Mtu akifunga stesheni moja, treni yaweza kupita njia ya mchepuko. Ndiyo kazi ya VPN na Tor, na ndiyo iliyowafaa Watanzania wengi tangu mtandao wa X ulipofungwa huko Mei 2025. Lakini mtu aking'oa reli yote, hakuna mchepuko. Intaneti ikizimwa nchi nzima, kufuli nzuri haifungui chochote. Siku hiyo wimbi fupi la redio, linalotoka ng'ambo na kudunda angani, ndilo linalofika bila kuomba ruhusa ya mtu. Kwa hiyo wanaosema redio ni kitu cha kizee, intaneti imeshinda, hawajaona intaneti ikikatwa.

AMEFUNGA BOMBA

Sasa fikirini. Kitu kilichojengwa kwa miaka 83 kilinyamazishwa kwa siku moja, kwa sahihi ya mtu mmoja. Mahakama za Marekani ziliingilia, na Aprili 2025 jaji aliamuru Sauti ya Amerika irudishwe. Hata hivyo Agosti serikali ilitoa barua za kuwafukuza zaidi ya 500, nazo zikapelekwa mahakamani. Radio Free Asia ilisimamisha kazi zake za habari mwishoni mwa Oktoba 2025. Mfuko wa intaneti nao uliandikiwa kwamba fedha zimekatwa, ukaenda kushtaki. BBC nayo ilitangaza mwaka 2022 kwamba itapunguza kazi 382 katika matangazo yake ya nje, na redio yake ya Kiarabu ikazimwa Januari 2023, baada ya miaka 85.

Hao waliofukuzwa ni wafanyakazi kama sisi. Wako mafundi mitambo, makarani, watangazaji. Wako waliotoka nchi ambazo wakirudi watatiwa ndani kwa yale waliyotangaza. Mwanachama anayeshangilia mwenzake akifukuzwa kazi bila notisi kwa sababu haipendi serikali ya nchi yake, na ajiulize siku yake ikifika nani atamlilia.

Kwa wale waliofurahi twauliza: je, aliyezima sauti hiyo aliizima ili Mwafrika apate uhuru zaidi? La. Waliofurahi zaidi ni wenye magereza yaliyojaa waandishi. Nyumba ya jirani ikizimwa taa, giza la kwako halipungui.

Na kwa wale waliohuzunika twasema: mwaweza kuhuzunika, lakini msingoje. Mkono uliotoa ndio uliochukua, tena bila kutuuliza, kwa kuwa haukuwa mkono wetu. Uhuru wa kusema unaotegemea kura za bunge la nchi nyingine ni uhuru wa kupanga nyumba, si wa kumiliki.

TUNALOTAKA

Hatusemi msaada ukataliwe. Twasema upimwe kwa maswali matatu. Je, anayelipa anajulikana, na hesabu ziko wazi? Je, iko sheria inayomzuia asimwongoze mwandishi mkono? Je, akiondoka kesho, kitabaki nini mikononi mwetu? Msaada unaojibu vema maswali hayo na uje, nasi tutashukuru bila kupiga magoti. Usiojibu na ubaki kwao.

Basi twatoa rai hizi kwa matawi yote:

1. Senti yoyote inayotoka nje, iwe ya semina, ya kompyuta au ya safari, iandikwe kwenye daftari na ibandikwe ubaoni, pamoja na jina la aliyeitoa na sababu yake. Fedha inayoogopa ubao haifai.

2. Chama kiwaunge mkono hadharani wale waliokwenda Mahakama Kuu kuzuia intaneti isikatwe. Chama cha waandishi, Kenya Union of Journalists, kilikuwa miongoni mwao, na Mei 2025 mahakama ilitoa amri ya muda ya kukataza kuikata. Wenzetu wasiachwe peke yao, maana Katiba ya 2010 iliyotupa haki ya kugoma katika Kifungu cha 41 ndiyo iliyotupa uhuru wa vyombo vya habari katika Kifungu cha 34.

3. Kifungu hichohicho cha 34 kinataka redio na televisheni za serikali ziwe huru katika habari zake na ziwape nafasi wenye maoni tofauti. Tudai jambo hilo kwa KBC. Nchi ambayo redio yake husema kweli haina haja ya kuhofu redio ya mtu.

4. Kila tawi liwe na orodha ya namba za simu iliyoandikwa kwa karatasi, mjumbe wa kila stesheni na kila zamu, na redio moja ya mawimbi mafupi ofisini yenye betri. Mambo haya ni madogo, na gharama yake ni ndogo kuliko karamu moja ya viongozi.

5. Jarida hili liendelee kuchapwa kwa ada za wanachama, na kwa ada hizo tu. Karatasi yake si nzuri, na wino wake hupaka vidole. Lakini hakuna waziri wa nchi yoyote, ya karibu wala ya ng'ambo, anayeweza kulifunga kwa kukata fedha, kwa sababu fedha zake hutoka katika mishahara yetu.

Ndugu, anayedaiwa ada na alipe kabla ya mwisho wa mwezi. Katibu wa tawi anazo risiti.

Umoja ni nguvu.